Kurasa Nne za Revocatus

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Mwalimu Kashindye ametugawa leo makundi ya wanne wanne kwa ajili ya mradi wa Jiografia, na mimi nimewekwa na Revocatus. Nilikaribia kuomba ruhusa ya kwenda chooni nisirudi tena.

Mradi ni wa magugu maji yaliyovamia ziwa letu. Tuyapime mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, kwa wiki kumi, yanavyojaa na yanavyopungua, halafu tuandike ripoti. Kundi moja, ripoti moja, alama moja kwa wote wanne, na alama hiyo inaingia kwenye matokeo yetu ya kidato cha nne mwakani. Mimi nataka kwenda kidato cha tano. Nisipochaguliwa, mama ameshaniambia nitakaa naye kwenye karai la mapanki, mifupa ya sangara anayoikaanga na kuiuza pale Mabatini, na hasemi kwa ubaya, ni kwamba hakuna kingine tangu baba apunguzwe kiwandani.

Wenzangu ni hawa. Elias, mnyamavu, anaishi kwa kaka yake Nyakato. Ukimpa kazi unaikuta imefanyika. Tasleem, binti wa duka la nati na bolti mjini, anakaa dawati la mbele na simjui sana. Na Revocatus, ambaye hakuna asiyemjua. Anamwigiza mkuu wa shule mpaka mkuu mwenyewe anacheka. Muhula uliopita nilikuwa naye kwenye kundi la Historia na hakuandika hata nukta. Nilimwandikia sehemu yake yote, tukapata sabini na nane, akanishukuru kwa kipande cha kashata. Na mimi mjinga nikafurahi! Nilijiona msichana wa maana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Safari hii hapana. Wanasema mbebwa hujikaza. Huyu kujikaza hajui, anataka abebwe na bembelezo aimbiwe.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumegawana kazi. Mimi na Elias kupima kila Jumamosi. Tasleem ramani na michoro. Revocatus kuhoji wavuvi na wachuuzi thelathini na kuandika kurasa nne. Kazi hiyo kaichagua mwenyewe. "Mdomo ninao, mnaogopa nini?"

Kweli mdomo anao.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumepima kwa mara ya kwanza. Elias alikuja na vigingi kumi na kamba aliyoipiga fundo kila hatua moja. Tuliingia majini hadi magotini, mizizi ya magugu inakutelezea miguuni kama nywele za mtu. Wavuvi wakatuuliza kama tumetumwa na serikali. Nikawaambia tumetumwa na Mwalimu Kashindye, wakasema basi hata yeye angekuja kuchafuka.

Tasleem hakutokea. Revocatus hakutokea, shangazi yake mgonjwa.

Jumamosi, 27 Septemba

Tumepima. Wawili. Shangazi bado mgonjwa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumepima. Wawili. Mvua.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimelipuka. Wakati wa mapumziko nilimkuta Tasleem anakula dawatini pake, katulia, nguo safi, nikaona miguu yangu ilivyobabuka kwa matope ya mwaloni, nikasema mbele ya darasa zima: "Wenzako tunazama kwenye tope, wewe umejikalia kivulini kwenye duka la baba yako. Alama utazinunua?" Darasa likapiga kelele, "Eeeh!" Tasleem alifunika chakula chake akatoka nje.

Aliyecheka kuliko wote ni Revocatus. Alinipigia na makofi, akaniambia, "Mhoja, umempa! Watu kama hawa wanatunyonya." Nikajisikia shujaa hadi kengele ya kwenda nyumbani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeaibika na nitaandika yote ili nisijidanganye baadaye.

Baada ya kupima nilikwenda moja kwa moja dukani kwao, miguu bado ina matope, nimejiandaa kugomba. Baba yake, Bwana Alnoor, alikuwa anapima misumari. Akanielekeza ghorofani bila kuniuliza kitu. Juu nikamkuta bibi yake Tasleem, ambaye humwita Dadima, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Mhoja wa magugu?"

Nikashtuka ananijua. Akanionyesha sakafuni kwa fimbo yake. Pale chini kulikuwa na ramani ya ghuba yetu, karatasi nne zimeunganishwa kwa gundi, kila jiwe kubwa na kila mdomo wa mto mahali pake, Mto Mirongo umepakwa buluu. Pembeni kuna mchoro wenye namba zangu. Namba zangu mimi! Za tarehe ishirini, za ishirini na saba, za tarehe nne. Tasleem alikuwa amepiga magoti juu ya karatasi, rula mkononi, hakuniangalia.

"Umezipata wapi?"

"Kwa Elias. Kila Jumatatu ananipa."

"Kwa nini hukusema Jumatano?"

"Ungenisikia?"

Dadima akaingilia. Akasema ni yeye aliyemkataza kwenda ziwani na wavulana, na kama nina ugomvi nigombane naye, ana miaka sabini na mbili na bado ana nguvu. Sikuwa na ugomvi tena. Nilikunywa chai yao yenye tangawizi. Wakati wa kutoka nikaona nyayo zangu za matope sakafuni kote, Tasleem tayari ameshika kitambaa.

Nikampitia Elias. "Kwa nini hukuniambia?" Akajibu, "Hukuuliza." Elias bwana! Siku moja mdomo wake utaota ukungu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo nimemwomba radhi mbele ya watu. Nilisimama baada ya kuitwa majina, nikasema Tasleem amefanya kazi kunizidi na mimi nilisema uongo. Wenzangu wakafungua madaftari yao. Huwa wanafurahia zaidi matusi.

Tasleem akasema, "Haya." Basi. Ila mchana alinisogezea nusu ya chapati yake.

Revocatus ameniuliza kama nimerogwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumepima. Jioni nilimweleza mama habari za Revocatus huku namenya vitunguu. Mama anageuza mapanki kwenye mafuta, hata haniangalii, akasema, "Kwani ninyi hampimiani ngwe?"

Kwao Kwimba vijana wakienda kulima kwa pamoja, kila mmoja anapimiwa ngwe yake, kipande chake cha shamba. Ngoma inapigwa, mnalima, mnataniana. Ukichelewa unaimbwa. Lakini usipolima kabisa, hakuna anayekugusia ngwe yako. Inaachwa vilevile, majani yamesimama katikati ya shamba safi, kila apitaye anajua ni ya nani. "Mjomba wako iliachwa yake," mama akasema, "wiki ile wakwe zake wakapita njia hiyo. Tangu hapo anaamka kabla ya jogoo."

"Na mwenye shamba je? Si anapata hasara?"

"Anapata. Lakini ukimlimia mvivu leo, kesho una wavivu wawili."

Nimekwenda kulala na maneno hayo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Redio inasema mvua hizi ni za El Nino na zitaendelea. Leo upepo umeyasukuma magugu yote kwetu. Ziwa halionekani! Unaona shamba la kijani lenye maua ya zambarau mpaka mbali, na mitumbwi imekwama katikati. Hakuna mtumbwi uliotoka wala kuingia tangu alfajiri. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa alikuwa amekaa juu ya ndoo yake tupu, mvua inamnyeshea, hataki hata kujisitiri. Vigingi saba vimefunikwa. Elias alisisitiza tupime hivyohivyo, tukapima kutoka juu ya mawe, kamba inateleza, mimi natetemeka hadi meno. Mara mbili niliteleza na mara mbili Elias alinishika mkono. Tumepata namba. Hakuna kundi jingine lililokuja leo, tumeuliza.

Nilirudi nyumbani najivunia. Hakuna wa kuninyang'anya hilo.

Jumamosi, 1 Novemba

Ajabu, Revocatus kaja mwaloni! Kavaa viatu vya raba vyeupe. Magugu yamepungua kidogo, wavuvi wapo, na ndani ya nusu saa wote wanacheka. Alimwigiza mnunuzi wa sangara anavyobonyeza samaki, mchuuzi mmoja akalia machozi. Wakamweleza mambo mazito, nyavu zilizoraruka, watoto wanaojikuna kwa kichocho, safari ya saa sita kutafuta upenyo. Hakuandika hata neno moja.

"Daftari lako liko wapi?"

Akajigusa kichwa. "Yote yamo humu."

Jamani, angeandika tu! Yale aliyoyapata kwa nusu saa mimi nisingeyapata kwa mwezi. Ndiyo maana ananiudhi kuliko mvivu wa kawaida. Mvivu wa kawaida hana kitu.

Jumamosi, 8 Novemba

Tumepima. Revocatus alikuja nyumbani kwetu alasiri, akamsalimia mama kwa Kisukuma chenye lafudhi ya Kihaya, mama akampa panki zima. Kisha akaniita pembeni.

"Dada Mhoja, zile kurasa zangu. Nitakusimulia, wewe uandike. Dakika kumi."

"Andika mwenyewe."

"Mimi na kalamu hatuelewani, unajua."

"Basi ripoti itakwenda bila kurasa zako."

Akacheka, wala hakuwa na ubaya. "Haitakwenda. Mimi nikikosa, ninyi mmekosa. Na wewe hukubali kukosa, nakufahamu. Kwa hiyo sina wasiwasi."

Alisema kweli tupu, ndiyo maana nilitamani kumpiga na ndala. Amenijua. Kumbe muda wote hajategemea uvivu wake, ametegemea woga wangu.

Jumamosi, 15 Novemba

Kikao kwa kina Tasleem, sisi watatu. Dadima kakaa pale pale, anafuma na kusikiliza. Nikatoa wazo langu: tuandike kichwa cha habari, "Maoni ya Wavuvi na Wachuuzi, na Revocatus," halafu kurasa nne tupu. Ngwe iachwe.

Tasleem akakubali kabla sijamaliza. Elias akainama. Kaka yake anamsomesha kwa kubeba magunia, na kaka huyo anaomba kuziona alama zake kila muhula. "Kwako wewe ni ubishi," akaniambia, "kwangu mimi ni kaka." Nilimwambia akikataa tutaacha, nami nitaziandika kurasa hizo kwa mkono wangu, na sitamlaumu.

Mvua ikapiga bati. Kisha Elias akasema, "Mwaka jana niliandika na ya wenzangu wawili. Kaka yangu aliona alama, hakuona kwamba ni za watu watatu." Akaniinulia macho. "Acheni tupu."

Ijumaa, 28 Novemba

Tumekusanya ripoti. Kurasa ishirini na nne zimejaa, nne nyeupe. Revocatus hajui, hakuomba hata kuiona.

Jumatatu, 1 Desemba

Mwalimu Kashindye kaniita ofisini. Ripoti yetu iko mezani, imefunguliwa pale pale peupe.

"Hii ni nini?"

"Ni sehemu ya Revocatus, mwalimu."

"Naona. Kwa nini haijaandikwa?"

"Hajaiandika."

Akavua miwani. Hana ukali, ni mtu wa kusikitika, na hilo ni gumu zaidi kulivumilia. Akaniambia zamani walilima shamba la shule pamoja na hakuna aliyepima jasho la mwenzake, lakini siku hizi za biashara huria kila mtu na lwake. "Kidole kimoja hakivunji chawa, Mhoja."

"Ndiyo mwalimu. Lakini hiki kingine kiko mfukoni, kinasubiri chawa afe kiseme tumemuua."

Mwalimu alitazama dirishani. Najua, na yeye anajua kwamba najua, kwamba makundi ya wanne yanampa ripoti kumi za kusahihisha badala ya arobaini, apate muda wa tuisheni anayofundisha sebuleni kwake. Simlaumu sana, mshahara wa mwalimu tunaujua. Ila asiniambie habari za jasho.

"Sikiliza," akasema. "Kazi hii ni nzuri kuliko zote. Ramani hii sijaona mfano wake. Chukua, jaza kurasa hizi, nirudishie Jumatano. Nitawapa themanini na tano. Ukirudisha hivi, ni hamsini na moja. Kwa wote."

"Hata Tasleem na Elias?"

"Kundi ni kundi."

Nimekuja nayo nyumbani.

Jumanne, 2 Desemba

Mama amepagawa. "Themanini na tano! Mtoto, jaza!"

"Si wewe uliyenieleza habari za ngwe?"

"Ngwe haina mtihani wa taifa!" Akanipokonya kijiko cha mkononi kana kwamba ndicho chenye makosa. Baba akasema tu, fanya unachoona. Hilo nalo si msaada.

Ukweli ni kwamba ningeweza kuzijaza kwa saa moja. Wachuuzi nawajua kwa majina, mama yangu ni mmoja wao. Nilikaa na kalamu jioni yote ya leo. Niliandika nusu sentensi kwenye karatasi ya pembeni: "Mchuuzi mmoja wa dagaa alisema..." Nililia. Niliogopa karai la mapanki, niliogopa kaka yake Elias, nilimchukia Revocatus anayekula vizuri huko aliko.

Karatasi ya pembeni nimewashia jiko.

Jumatano, 3 Desemba

Elias na Tasleem niliwauliza tena, kila mmoja peke yake. Jibu ni lile lile. Nimeirudisha ripoti kama ilivyokuwa. Mwalimu aliipokea akaiweka juu ya zile nyingine.

Alhamisi, 4 Desemba

Siku ya kuwasilisha. Kila mmoja anasoma sehemu yake mbele ya darasa.

Nilisoma vipimo vyetu. Elias alieleza pepo na mvua, sauti ndogo lakini hakukosea. Tasleem alitundika ramani ubaoni, watu wakasogeza madawati kuiona. Kisha Mwalimu akasema, "Revocatus," akampa ripoti.

Alikuja mbele anatabasamu, kafungua, na tabasamu likabaki pale pale limeganda. Aligeuza ukurasa. Akageuza mwingine. Akanitazama. Sikuondoa macho.

Mtu huyu ana kipaji, lazima niseme. Alianza kuongea kama anasoma. Akatoa maoni ya wavuvi, akawaigiza, darasa likaanza kucheka, nikawaza atapita! Atapita hata kwenye karatasi nyeupe!

"Mzee Nkwabi," anasema, "nilimkuta tarehe ishirini na tano Oktoba asubuhi, ametoka ziwani na sangara mkubwa kama huyu..."

Elias alisimama. Elias! "Tarehe ishirini na tano hakuna mtumbwi uliotoka wala kuingia," akasema. "Magugu yalifunga mwalo wote. Iko ukurasa wa tisa."

Kicheko kilikatika. Mwalimu akainuka, akaichukua ripoti mikononi mwa Revocatus, akaigeuza ili zile kurasa nne zitazame darasa. Revocatus akarudi kukaa. Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, lakini si sana, maana alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto.

Ijumaa, 5 Desemba

Leo ilikuwa zamu ya kundi la Winnie. Winnie yule mpole! Alisoma sehemu yake, kisha akasema, "Mwalimu, sehemu ya Josephat niliiandika mimi. Naomba niitoe." Akazichana kurasa tatu kwenye ripoti mbele ya watu wote, krrr. Josephat akaita, "We Winnie, una wazimu?" Akajibu, "Ninao tangu kidato cha kwanza."

Baada yake Hellen akachana. Baada ya Hellen, kundi la mwisho nalo. Hadi kengele inalia meza ya Mwalimu Kashindye ilikuwa imejaa kurasa zilizochanwa, naye amekaa katikati yake, kashika kichwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kuanzia muhula ujao kila mtu ataandika jina lake juu ya alichokifanya kwa mkono wake, na atasahihisha jina kwa jina, hata kama ni arobaini.

"Na sisi, mwalimu?" nikauliza.

"Ninyi nilishawaambia. Hamsini na moja."

Jumatano, 10 Desemba

Tumefunga shule. Alama zimebandikwa, na yetu ni hamsini na moja kweli. Elias anasema kaka yake aliiangalia namba hiyo, akaomba aelezwe, akaelezwa, akasema, "Basi hizi zote ni zako." Mama bado hajanisamehe. Mwakani itanibidi nizibe pengo hilo kwa mtihani wenyewe, na nitaliziba. Watu wananiuliza kama najuta. Asubuhi najuta. Nikishaoga basi.

Kabla ya kutawanyika Mwalimu alituambia tuchague wenyewe makundi ya muhula ujao, tuandike majina kwenye karatasi. Mimi, Tasleem na Elias tulikuwa tumeshakaa. Revocatus akazunguka darasani na vichekesho vyake, na kila alipofika wakamwambia, "Tumejaa." Kwa Winnie walikuwa wawili tu, nao wakasema wamejaa. Mwishowe akaja kusimama kwetu. Hakuchekesha.

"Mhoja, nipokeeni. Nitaandika."

Elias akanitazama, Tasleem akanitazama. Nilikuwa na maneno mengi nimeyaweka akiba tangu Septemba, na yote yalikuwa matamu. Nikamsogezea karatasi.

"Anza na jina lako. Mimi siandiki tena chochote chako."

Akajipapasa mifukoni, hana kalamu. Tasleem akampa yake. Akainama, akaandika taratibu, ulimi umetoka pembeni, herufi kubwa zilizopinda kama za mtoto wa darasa la pili, na nikatambua kwamba kwa miaka mitatu tuliyokaa darasa moja sikuwahi kuuona mwandiko wake.